Kandarasi ya Kampuni Moja: Historia ya Mawakala wa Bima za Medicare

Wasomaji wangu wa siku zote mwajua kwamba hapa kazi yetu ni tarakilishi, simu na programu. Leo naomba ruhusa niuweke msimbo kando nizungumzie bima, tena bima za afya za wazee wa Marekani. Msikimbie. Ndani yake kuna jambo ambalo sisi wa programu tunalijua vizuri, lile la kufungwa na kampuni moja hadi kuhama kunakugharimu kuliko kubaki, na wenzetu wa bima walilipitia miaka mingi kabla ya mtu yeyote kulalamika kuhusu Windows.

Jambo lenyewe ni hili. Huko Marekani kuna mawakala wa bima, watu wenye leseni ya jimbo lao, ambao kazi yao ni kuketi na mzee wa miaka 65 au zaidi na kumsaidia kuchagua mpango wa Medicare. Wakala kama huyo anapoingia kazini huwekewa mezani kandarasi za aina mbili. Moja yasema: utauza mipango ya kampuni yetu peke yake, nasi tutakupa majina ya wateja, mafunzo, dawati, pengine na mshahara. Nyingine yasema: uza ya kwetu, uza na ya washindani wetu, lakini wateja ujitafutie na gharama ni zako. Anayesaini ile ya kwanza wenyewe humwita kwa jina lenye maana ya mateka, na jina hilo limo hata katika kanuni za serikali.

Asaini ipi? Wengi hukimbilia kulinganisha kamisheni. Lakini ukisoma jinsi biashara hii ilivyokua utaona kwamba kamisheni ndiyo sehemu ambayo sheria imeisawazisha kuliko zote. Uzito uko kwingine: siku mkataba ukivunjika, nani anabaki na orodha ya wateja? Tutaifuata orodha hiyo tangu mwanzo.

Kwanza tuelewane kuhusu Medicare yenyewe. Si kama SHA yetu iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ambayo ni ya kila mtu. Medicare ni bima ya serikali kuu ya Marekani kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, na baadaye waliongezwa watu wenye ulemavu. Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 30 Julai 1965 mjini Independence, Missouri, katika maktaba ya Rais mstaafu Harry Truman, ambaye alikuwa amejaribu kuleta bima ya afya ya taifa akashindwa. Truman akapewa kadi ya kwanza. Huduma zilianza tarehe 1 Julai 1966 na wazee kama milioni 19 walikuwa wameandikishwa.

Ilikuwa na Sehemu A ya hospitali na Sehemu B ya madaktari. Na ilikuwa na matundu. Katika Sehemu B serikali hulipa asilimia 80 baada ya mgonjwa kutoa kiasi cha mwanzo, na ile asilimia 20 inayobaki ni ya mzee mwenyewe bila kikomo. Asilimia 20 ya matibabu ya saratani yaweza kumaliza nyumba. Dawa nyingi za kumeza nyumbani hazikulipiwa hadi mwaka 2006. Ni kupitia matundu hayo ndipo wakala wa bima aliingia, na hajatoka hadi leo.

Lakini hata kabla ya Medicare, orodha ilikuwa imeshaonyesha nguvu zake. Ethel Percy Andrus alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa California. Mwaka 1947 alianzisha chama cha walimu wastaafu, na mojawapo ya shida alizokuta ni kwamba hakuna kampuni iliyotaka kumkatia bima ya afya mtu mzee. Alibisha hodi kampuni nyingi, zote zikamkatalia. Katika miaka ya 1950 alikutana na Leonard Davis, wakala wa bima kutoka Poughkeepsie, jimbo la New York, aliyefanikiwa kuipata kampuni moja ikubali kuwakatia walimu hao bima ya pamoja. Mpango ukafana, na wazee ambao hawakuwa walimu wakaanza kuutaka. Mwaka 1958 wakaanzisha AARP, chama cha wastaafu wote, na mwaka 1963 Davis akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Colonial Penn.

Kwa miaka mingi Colonial Penn ndiyo iliyowauzia bima wanachama wa AARP. Utajiri wa Davis ulitoka humo. Mwaka 1978 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kiliuanika uhusiano huo hadharani, na miaka michache baadaye chama kiliihamishia biashara hiyo kwa Prudential. Mwaka 1997 kikaingia mkataba na UnitedHealthcare, na mpaka leo mipango ya Medicare ya kampuni hiyo huuzwa ikiwa na jina la AARP, nayo AARP hulipwa kwa matumizi ya jina lake. Tazama nani aliyehama na nani aliyebaki. Kampuni za bima zimebadilishwa mara mbili, mwenye majina yuko pale pale. Davis alianza akiwa wakala wa kawaida kabisa, na kilichomtajirisha ni kuwa karibu na orodha ambayo wakala mwingine hakuweza kuifikia.

Sasa turudi kwa wakala wa mtaani. Kati ya mwaka 1966 na miaka ya 1980 alikuwa akiuza bima ya kuziba matundu, ambayo Wamarekani huiita Medigap. Soko lilikuwa la vurugu. Kila kampuni ilijiandikia masharti yake, na mzee hakuwa na njia ya kulinganisha. Kamisheni ya mwaka wa kwanza ilikuwa nene na ya miaka iliyofuata ilikuwa nyembamba, kwa hiyo hata mtoto wa shule angeweza kubashiri kitakachofuata: wakala anarudi kwa mzee yule yule mwaka ujao kumshawishi aiache bima ya mwaka jana anunue nyingine, au amwongezee ya pili na ya tatu zinazolipia kitu kile kile. Mwaka 1978 kamati ya Bunge la Wawakilishi iliyoshughulikia mambo ya wazee, chini ya mwenyekiti Claude Pepper, ilisikiliza ushahidi wa wazee wenye rundo la bima nyumbani. Sheria ya 1980 ilijaribu kurekebisha kwa hiari. Hiari haikutosha. Mwaka 1990 Congress ikaamuru kwamba Medigap zote ziwe za aina 10 tu, zilizopewa herufi A hadi J, na mpango wenye herufi moja uwe na mafao yale yale katika kila kampuni. Waliofanya kazi ya kuandika viwango vya data wataielewa raha ya jambo hilo. Ikapigwa marufuku kumuuzia mzee bima anayoirudia, na kanuni zilizotungwa zikaweka kwamba kamisheni ya mwaka wa kwanza isizidi mara mbili ya ile ya mwaka wa pili.

Kumbuka huo uwiano wa mbili kwa moja. Utarudi.

Wakati huo huo, upande wa kandarasi zenyewe, kulikuwa na mfumo uliokomaa wa kumfunga wakala na kampuni moja. Haukuanzia kwenye afya. State Farm iliyoanzishwa mwaka 1922 na Allstate iliyoanzishwa mwaka 1931 zilijengwa juu ya mawakala wasiouza cha mwingine, wengi wakikata bima za magari na nyumba. Kesi inayoonyesha vizuri maana ya kufungwa huko ni ya Robert Darden, na naomba nikae nayo kidogo.

Darden aliendesha ofisi ya bima katika jimbo la North Carolina tangu mwaka 1962 hadi 1980 kwa kandarasi na kampuni ya Nationwide. Aliahidi kuuza bima za Nationwide tu. Kampuni nayo ilimwekea fedha za uzeeni. Ila ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu: akiondoka, na ndani ya mwaka mmoja akauza bima za washindani katika umbali wa maili 25 kutoka ofisi yake ya zamani, fedha hizo anazipoteza. Novemba 1980 Nationwide ikaukatisha mkataba. Mwezi mmoja baadaye Darden akawa wakala huru akiuza za kampuni nyingine. Unadhani angeuza wapi? Watu waliomjua kwa miaka 18 walikuwa ndani ya hizo maili 25. Kampuni ikamwambia fedha za uzeeni hana tena.

Akashtaki akisema sheria ya mafao ya wafanyakazi inamlinda. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Machi 1992 majaji wote wakakubaliana na maandishi ya Jaji David Souter: ili kujua kama mtu ni mwajiriwa, usiangalie alitarajia nini, angalia nani anayeamuru namna kazi inavyofanywa. Vifaa ni vya nani? Nani anapanga saa? Nani analipa wasaidizi? Kesi ikarudishwa chini ipimwe kwa kipimo hicho. Hukumu hiyo bado inanukuliwa Marekani kila watu wanapobishana kama fulani ni mwajiriwa au mkandarasi, na mwenye kufuatilia kesi za madereva wa programu za teksi atauona ukoo wake.

Kinachonigusa mimi ni umbo la mtego wenyewe. Darden alikuwa amefungwa kama mwajiriwa, haruhusiwi kuuza kwingine, na alikuwa huru kama mkandarasi, ofisi na hatari ni zake. Allstate ililifanya jambo hilo kwa mkupuo mwaka 1999 ilipotangaza kwamba mawakala wake zaidi ya 6,000 waliokuwa waajiriwa wangegeuzwa kuwa wakandarasi, na aliyetaka kuendelea ilibidi asaini hati ya kuacha haki ya kuishtaki kampuni. Waliendelea kuwa wa Allstate peke yake. Kesi zilizotokana na hapo zilidumu zaidi ya miaka 10.

Sisi Wakenya tuna mfano wetu wa karibu. Ajenti wa M-Pesa alifungwa na kandarasi isiyomruhusu kutoa huduma ya pesa ya mtandao mwingine, hadi Julai 2014 ambapo, baada ya malalamiko ya Airtel kufika kwa Mamlaka ya Ushindani, Safaricom ilikubali kuiondoa kamba hiyo. Tofauti ni kwamba ajenti wa M-Pesa hana mteja wa kumpoteza. Mteja anaingia, anatoa pesa, anaenda zake, na kesho ataingia kibanda kingine. Wakala wa Medicare ana mtu aliyemjua jina la daktari wake na dawa zake za presha.

Mipango ya kampuni za binafsi ndani ya Medicare yenyewe ina historia yake. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu mashirika ya afya yalipwe na serikali kiasi maalumu kwa kila mzee, kisha yamhudumie kwa chochote kitakachohitajika. Nyingi zilitumia wauzaji wao wenyewe. Mwaka 1997 mfumo huo ukapewa jina jipya, Medicare+Choice, na malipo ya serikali yakabanwa. Kampuni zikaanza kufunga mipango na kuondoka wilaya baada ya wilaya. Kufikia mwaka 2003 wazee zaidi ya milioni 2 walikuwa wameachwa na mipango yao. Vitabu huzungumzia wazee hao, na ni haki. Lakini fikiria pia muuzaji wa kampuni moja katika wilaya ambayo kampuni yake imeondoka. Ana leseni, ana simu zinazolia, na hana cha kuuza.

Kisha mlango ukafunguliwa upya. Tarehe 8 Desemba 2003 Rais George W. Bush alisaini sheria iliyoleta malipo ya dawa, Sehemu D, na kuigeuza ile mipango ya binafsi kuwa Medicare Advantage yenye fedha nyingi zaidi kutoka serikalini. Dawa zilianza kulipiwa Januari 2006. Mwaka 2004 wazee walio katika mipango hiyo walikuwa kama milioni 5.3. Mwaka 2024 walikuwa takriban milioni 32.8, zaidi ya nusu ya wote wanaostahili. Hiyo ndiyo keki ambayo kandarasi hizi mbili zinaigombea.

Miaka ya 2006 na 2007 ilikuwa ya aibu. Kulikuwa na aina ya mpango ambao mzee aliambiwa anaweza kwenda kwa daktari yeyote, ilhali daktari alikuwa na hiari ya kuukataa. Mawakala waliingia majengo ya wazee bila kualikwa, wengine wakijifanya wametumwa na Medicare, na kuna wazee waliosaini wakidhani wanachukua bima ya dawa tu, kumbe wametoka kwenye Medicare ya kawaida. Juni 2007 kampuni 7, zikiwemo UnitedHealthcare, Humana na Coventry, zilikubaliana na serikali kusimamisha kuuza mipango ya aina hiyo hadi zijirekebishe. Sababu ilikuwa ile ile ya Medigap. Malipo yalimfuata anayehamisha, na anayetunza alibaki na makombo.

Tarehe 15 Julai 2008 Congress ilipitisha sheria mpya kwa kuipindua kura ya turufu ya Bush. Kugonga milango bila kualikwa marufuku. Kupiga simu bila kuombwa marufuku. Hata kuwalisha wazee chakula kwenye mkutano wa mauzo marufuku, maana sahani ya wali ilikuwa imeuza mipango mingi. Na kwa mara ya kwanza serikali ikaishika kamisheni yenyewe. Kanuni zilizofuata mwaka ule ziliweka kikomo cha malipo ya kumwandikisha mzee, na malipo ya kila mwaka unaofuata yakawa nusu ya hayo. Mbili kwa moja, kama nilivyokwambia. Mzee akiondoka ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kwa kawaida wakala hurudisha alicholipwa. Akihama kutoka mpango mmoja kwenda wa aina hiyo hiyo, wakala mpya hapati ile ya mwanzo, hupata nusu. Mwanzoni nusu hiyo ilikuwa na ukomo wa miaka, lakini tangu mwaka 2015 hulipwa maadamu mzee yumo.

Kwa mwaka 2025 kikomo cha Medicare Advantage katika majimbo mengi kilikuwa dola 626 kwa anayeandikishwa upya na dola 313 kwa kila mwaka wa kuendelea. California na New Jersey ilikuwa dola 780 na 390. Mpango wa dawa peke yake ulikuwa dola 109 na 55, na ndiyo sababu mawakala wengi huufanya kama hisani.

Piga hesabu. Wakala aliyejenga wateja 300 wa Medicare Advantage kwa miaka kadhaa ana dola 93,900 kwa mwaka kabla hajaandikisha mtu mmoja mpya. Hapo ndipo utajiri wa kazi hii ulipo, katika ile nusu inayojirudia. Na hapo hapo ndipo kandarasi mbili zinapoachana. Katika kandarasi huru ya kawaida, malipo ya kuendelea ni ya wakala hata akiacha kuiuzia kampuni hiyo, ilimradi abaki na leseni na vyeti vyake. Katika kandarasi nyingi za kampuni moja, ukiondoka yanakoma. Wateja wanabaki, wanakabidhiwa kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita, na mkataba unakukataza usiwapigie simu. Wakala wa miaka minane anatoka na barua ya shukrani.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Kanuni yenyewe inasema masharti hayo ya malipo yanawahusu mawakala na madalali huru pekee. Kila Julai kampuni huiambia serikali kama mwaka ujao itatumia waajiriwa, mateka au walio huru. Mwajiriwa hulipwa vile mkataba wake usemavyo. Kwa hiyo ukiona kandarasi ya kampuni moja yenye mshahara mzuri na bonasi juu, usishangae inawezaje kuzidi kikomo.

Na kwa kuwa bei ya wakala huru ilikuwa imefungwa na sheria, kampuni zikaanza kushindana kwa sarafu nyingine. Hapa sasa tunarudi nyumbani kwetu, kwenye programu. Kampuni humpa wakala majina ya watu wanaokaribia miaka 65, ambayo kuyanunua mwenyewe ni ghali. Humpa programu ya kulinganisha mipango kwa dawa na madaktari wa mzee, ila ya mateka huonyesha mipango ya kampuni moja. Humpa hifadhidata ya wateja, kila simu na kila kumbukumbu ndani yake, safi, bure. Bure ya namna gani? Jaribu kutafuta kitufe cha kutoa data zako siku unapoondoka. Nimejenga mifumo ya aina hiyo kwa ajili ya watu wa mauzo wa hapa kwetu, si wa bima, na naweza kukuambia kwamba mteja anayelipia mfumo huomba kila kitufe isipokuwa hicho. Kifungu cha maili 25 cha Darden leo hakihitaji kuandikwa. Nywila ikifungwa saa kumi jioni, imetosha.

Serikali yenyewe, bila kukusudia, imeipa nguvu kamba hiyo. Kuanzia mauzo ya vuli ya mwaka 2022, wakala huru alitakiwa kurekodi simu zake na wazee na kuzihifadhi kwa miaka 10, na kuwaambia waziwazi kwamba hauzi kila mpango uliopo katika eneo lao, kama hauuzi yote. Baadaye sharti la kurekodi lilipunguzwa kidogo, likabaki kwa simu za mauzo na uandikishaji. Lengo lilikuwa kuyadhibiti majengo makubwa ya simu yaliyokuwa yakiwasumbua wazee. Lakini mama mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja naye akajikuta anatafuta mahali pa kuweka sauti za miaka 10. Kwa kampuni kubwa hilo ni diski moja zaidi.

Hayo majengo ya simu yanastahili neno, maana yaliuchafua mpaka kati ya huru na mateka. SelectQuote na GoHealth ziliingia soko la hisa mwaka 2020, eHealth ilikuwa imetangulia miaka mingi. Hujitangaza kama wasaidizi wa kulinganisha mipango ya kampuni nyingi. Kwa kanuni za uhasibu zilizoanza mwaka 2018, kampuni za namna hii huandika leo mapato ya kamisheni zinazotarajia kulipwa miaka ijayo, kwa kukisia mzee atakaa muda gani. Wazee walipohama haraka kuliko makisio, hisa zikaporomoka. Ni kosa ambalo mwanafunzi wa takwimu angeliona: ukiwapata watu kwa simu ya kuwahimiza wahame, unakusanya watu wenye tabia ya kuhama.

Mei 2025 Wizara ya Haki ya Marekani iliwasilisha mashtaka ya madai dhidi ya Aetna, Elevance na Humana pamoja na madalali hao watatu, ikidai kwamba kati ya 2016 na 2021 kampuni za bima ziliwalipa madalali mamia ya mamilioni ya dola ili wazee waelekezwe kwenye mipango yao. Kampuni zimekana. Lakini madai yenyewe yatosha kuonyesha kwamba kuna kandarasi ya tatu isiyokuwa mezani: wakala aliye huru kwa karatasi, ambaye mwajiri wake ameshauzia mtu mwingine uhuru huo. Serikali ilijaribu kuziba njia hiyo kwa kanuni ya Aprili 2024, iliyotaka malipo ya pembeni yote yaingizwe ndani ya kikomo kimoja. Mashirika ya mawakala yakaenda mahakamani Texas, na Julai mwaka ule jaji akazisimamisha sehemu hizo. Hapo naona pande zote zilikuwa na hoja. Kampuni za kati ambazo mawakala wadogo huzitegemea kwa mafunzo na vifaa huishi kwa malipo hayo hayo ya pembeni.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2024 kumekuwa na jambo jipya. Kampuni kadhaa kubwa zimeacha kulipa kamisheni yoyote kwa baadhi ya mipango yao, hasa ya dawa na ile inayowatia hasara, ili wazee wapya wasielekezwe huko. Wakala huru anaweza kuuza wa kampuni nyingine, au kumwandikisha mzee bila malipo ikiwa ndio unaomfaa. Wa kampuni moja, asiyelipwa mshahara, anatazama meza tupu. Na mzee aliye mbele ya wote wawili hajui ni mpango upi una pesa na upi hauna.

Ukiniuliza mimi, kwa mtu asiye na mteja hata mmoja, miaka miwili ya kampuni moja yenye mshahara si upumbavu. Anajifunza kazi kwa gharama ya mwingine, na vuli ya kwanza bila majina ya kupigia inaweza kumtoa mtu sokoni kabisa. Ila asome ukurasa unaozungumzia kuondoka kabla ya ule wa malipo. Je, malipo ya kuendelea ni yake baada ya mwaka wa kwanza, wa tano, au kamwe? Kazuiwa kuwapigia wateja kwa muda gani, na wale aliowaleta mwenyewe, shangazi zake na watu wa kanisani kwake, wamo? Akiwa chini ya kampuni ya kati, atapewa barua ya kuachiliwa akitaka kuhama, au atangoje miezi kadhaa huku vuli ikipita? Kandarasi huru nayo isisomwe kwa macho ya mahaba, kwa sababu kuna zinazojiita huru huku malipo yote yakipitia mikononi mwa mtu wa kati anayeweza kuyazuia.

Muda wa kusoma ni mfupi. Msimu wa wazee kubadili mipango ni tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba, matangazo yanaruhusiwa kuanzia tarehe 1 Oktoba, na kabla ya hapo wakala lazima afaulu mitihani ya mwaka na vyeti vya kila kampuni atakayoiuzia. Kwa hiyo kandarasi nyingi husainiwa Julai, Agosti na Septemba, na siku hizi husainiwa kwenye skrini, ambapo kitufe cha kukubali kiko juu na vifungu vya kuondoka viko chini kabisa.